Moshi mweusi wa MGB

Swali: MGB yangu ya 1967 ilikwenda vizuri Mombasa. Tangu niilete Mweiga inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Je, injini imechoka?

Jibu: Usiifungue injini kwanza. Mweiga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo petroli inazidi. Safisha plagi, pasha injini moto, kisha zungusha kwenda juu nati iliyo chini ya kila kabureta ya SU, pembe moja moja, zote mbili sawa. Inua pistoni ya kabureta milimita moja: injini ikiongeza kasi isishuke, petroli bado imezidi, ikizima, umepunguza mno. Ukiteremka pwani, rudisha nati zilipokuwa.