Mgonjwa wa Moyo na Atembee

Hapa Manika mtu akitoka hospitali kwa ugonjwa wa moyo, jamaa zake humtandikia kitanda na kumwambia, "Usifanye kitu, baba, moyo wako umechoka." Wasema hivyo kwa upendo. Hata waganga wa zamani walifundisha vivyo hivyo: mgonjwa aliyeshikwa na moyo alilazwa majuma mengi bila kusimama. Lakini kulala sana huondoa nguvu za miguu, na damu yaweza kuganda ndani ya mishipa. Mwaka 1952 waganga wawili wa Marekani, Levine na Lown, waliandika habari za wagonjwa waliokalishwa kitini mapema, wala hawakudhurika. Mwaka 1953 mganga Morris wa Uingereza alionyesha kwamba makondakta wa London, waliopanda ngazi za mabasi kutwa, waliugua mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa tu.

Kwa nini? Moyo ni nyama inayofanya kazi. Ukitembea kila siku, nyama za miguu huzoea kutumia vema hewa iliyomo katika damu, hata moyo haulazimiki kupiga mbio kwa kazi ile ile. Tansiyo nayo hushuka. Lakini mazoezi hayaondoi ugonjwa wote. Dawa zako usiziache.

Kwanza umwulize mganga, maana mwenye kilango cha moyo kilichobana sana aweza kuanguka. Akikuruhusu, anza kwa dakika 5 mahali pa tambarare, polepole mwanzoni na polepole mwishoni. Kila juma ongeza kidogo, hata ufike dakika 30, siku 5 kwa juma. Kipimo ni hiki: uweze kuongea, usiweze kuimba. (Mwimbaji wa kwaya akimaliza ubeti mzima, na akaze mwendo kidogo!)

Kifua kikiuma, pumzi ikikatika au kizunguzungu kikija, kaa chini mara moja. Maumivu yasipoisha upesi, upelekwe hospitali. Tena miguu ikivimba, au uzito ukizidi kilo 2 kwa siku 3, usitembee, nenda ukaonwe.

Nawe mama, mumeo akiomba viatu vyake usimzuie. Nenda naye. Wakati wa kiangazi malori ya madini hutimua vumbi jingi barabarani. Tafuteni njia ya pembeni, asubuhi, kabla jua halijawa kali.