Muda Umekwisha, Penalti Bado

Kocha wa timu iliyofungwa alinifuata mpaka chini ya mwembe nilikoegesha baiskeli. “Sheikh wangu, mpira ulishagonga mtambaapanya! Na muda ulishakwisha! Goli gani hilo?”

Goli halali, na nitalitetea popote. Ilikuwa mechi ya watoto wa chini ya miaka 15, kiwanja cha kijiji nje kidogo ya Chake Chake, matokeo bao moja kwa moja, jua linazama. Beki akamkwatua mshambuliaji ndani ya boksi, muda ukaisha kabla mpira haujatengwa. Sheria ya 7 haina utata hapo: kipindi kinaongezwa mpaka penalti ikamilike. Wanasimulia kwamba mwaka 1891 Stoke walipata penalti dhidi ya Aston Villa, kipa akaubutua mpira nje ya uwanja mpaka dakika zikayeyuka. Ujanja huo, wanasema, ndio ulioleta sheria hii.

Ikikutokea hivyo ukiwa mwamuzi, kwanza waite manahodha na makipa, useme kwa sauti mpaka wa pembeni wasikie: muda umekwisha, unapigwa mkwaju huu tu, hakuna wa kumalizia. Mengine ya penalti unayajua.

Sasa linalonihusu hasa. Ukishapuliza kuruhusu mkwaju, itoe filimbi mdomoni. Ishushe mpaka usawa wa paja. Filimbi ikibaki kwenye meno, kipa akigusa tu utapuliza, na ukipuliza umeua mpira ambao bado uko hai. Mkwaju wa muda ulioongezwa unakamilika mpira ukisimama, ukitoka, ukiguswa na mchezaji yeyote asiyekuwa kipa anayedaka, hata mpigaji mwenyewe, au upande wa mpigaji ukifanya kosa. Mwamba haumalizi kitu. Kipa naye haumalizi, hata akiugusa mara tatu.

Siku ile mtoto alipiga juu, mpira ukagonga mtambaapanya, ukashuka mgongoni kwa kipa aliyekwisha kulala, ukaviringika taratibu kwenye mchanga. Kiwanja kizima kinapiga kelele “Maliza!” Mkono wangu uko pajani. Mpira ukavuka mstari wote, ndipo nikanyanyua filimbi. Ile safari fupi ya mkono ndiyo iliyompa mtoto haki yake.

Na filimbi yenyewe iwe isiyo na punje. Ya punje ikiloa mate inakwama. Fox 40, aliyoitoa Mkanada Ron Foxcroft mwaka 1987, haina punje, lakini zipo bandia. Kuna muuzaji aliniapia kwamba yake ni ya asili. Siku ya mvua ya vuli ikatoa pumzi tupu. Ijaribu hapo hapo dukani, ipulize kwa nguvu, muuzaji akinuna anune.

Nilitaka kueleza na matuta ya kuamua mshindi, ila nina hili moja tu. Magharibi ikikaribia, watoto wengine huitwa nyumbani. Timu ikibaki na wachezaji chini ya saba, mechi haiendelei. Lakini matuta yakishaanza hayavunjwi kwa sababu hiyo. Timu yenye watu wengi inapunguza mpaka ilingane na mwenzake, na lazima utajiwe nani anatoka. Andika namba za wapigaji kabla ya mkwaju wa kwanza, kungali na mwanga wa kuzisoma.