Somo la Shamba: Bakteria wa Udongo, Joto na Mbolea



Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akauliza: "Mikarafuu yangu naitia mbolea ya dukani mwaka wa tatu huu. Mwaka wa kwanza ilikubali, sasa majani yanapauka. Je, nimeuziwa mchanga?" Tulimwahidi jawabu la maandishi, nalo ni hili.

Udongoni mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waitwao bakteria. Udongo mwema wa kujaa kijiko cha chai huwa na mamilioni kwa mamilioni yao. Hao, pamoja na kuvu, ndio wavunjao majani makavu, samadi na mizizi iliyokufa, wakatoa naitrojeni na vyakula vinginevyo ambavyo mti waweza kuvinywa. Hata salfeti ya amonia tuinunuayo kwa magunia, sehemu kubwa hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti kwanza. Basi amtiaye mti mbolea bila kuwafikiri hawa ni kama atoaye posho bila kujua wafanyakazi wake wako hai au wamekufa.

Kwanza joto. Natuvuke bahari tupande Kwamkoro, katika milima ya Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, pale Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Mahali hapo ni karibu mita 900 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo ni baridi kuliko kwetu kwa nyuzi 5 au 6 za Sentigredi. Bakteria wapatapo maji ya kutosha, joto likizidi nyuzi 10 kazi yao huzidi kama mara mbili, mpaka kufikia nyuzi 30 na kitu. Likipita mno hapo hudhoofika. Ndani ya msitu wa Kwamkoro, kivulini, majani huoza taratibu na udongo wa juu ni mweusi na mwororo. Chimba kidogo tu: wakuta udongo mwekundu wenye asidi, ambao mvua imeshauosha chakula chake. Akiba iko juu, nayo ni ya unene mdogo. Miti ikatwapo, jua huupiga udongo, bakteria wakala akiba ile mbio mbio, na mvua ikachukua kilichobaki. Wakulima wa milima hiyo waliopanda iliki msituni waliona mavuno mazuri miaka michache, kisha yakapungua.

Na hiyo ni nchi ya baridi! Sisi wa visiwani tupaliliao chini ya mikarafuu mpaka pakawa kama ua lililofagiwa, na majani tukayachoma, tunategemea nini?

Kazi za kituo cha Amani baadaye zilihamishiwa Muguga, Kenya. Huko mtaalamu H. F. Birch alichapisha mwaka 1958 jambo ambalo latuhusu sana. Udongo uliokauka ukirudishiwa maji, bakteria waliobaki huamka kwa nguvu, huvunja mboji kwa haraka na kutoa naitrojeni nyingi katika siku chache. Maana yake, mvua za kwanza za masika baada ya jua la kaskazi, udongo wajitia mbolea wenyewe. Amwagaye gunia siku hiyo huongeza chakula juu ya chakula, na kwa kuwa udongo hauwezi kuishika naitreti, huteremka na maji. Sisi wenyewe tumelifanya kosa hilo, na fedha yetu ilikwenda mtoni.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Bakteria waigeuzapo salfeti ya amonia, hutoka asidi. Kule Rothamsted, Uingereza, liko shamba la majani lililoanza kujaribiwa mwaka 1856. Sehemu zilizotiwa chumvi za amonia kila mwaka bila chokaa zilikuwa na asidi kali. Nyungunyungu walipungua mno, na majani yaliyokufa yakalundikana juu kama mkeka, hayaozi. Twashuku kwamba shamba la mzee limeshika njia hiyo. Asiongeze gunia la nne. Amwite bwana shamba aupime udongo asidi. Ikionekana imezidi, atie chokaa kwa kipimo atakachoambiwa, na samadi. Na siku atakaporudia mbolea ya gunia, aigawe kidogo kidogo, mbali na shina, mvua kubwa zikiisha kupungua.

Asiyesadiki habari za majani na afanye jaribio hili. Akate vipande viwili sawa vya marekani, pamba tupu, akifukie kimoja chini ya majani yaliyooza, cha pili mahali peupe penye jua, kina cha vidole vinne vyote viwili. Baada ya miezi miwili avifukue. Kilicholiwa zaidi ndicho kilicholala penye wafanyakazi wengi. Vileteni afisini, hata vikiwa matambara. Tutavitundika ukutani, kila kimoja na jina la shamba lake.