Onyo la Mikrosekunde Mia Moja

Katika kompyuta zitumiazo Linux iko programu iitwayo i915, ambayo kazi yake ni kuendesha mitambo ya picha iliyotengenezwa na Intel. Programu za namna hii huitwa viendeshi. Pengine i915 huandika katika daftari la mashine kwamba kazi ya kubadili picha imechukua mikrosekunde 107, hali kikomo ni 100. Mwenye mashine akisoma hayo hushtuka, na fundi asiyejua maana yake aweza kumshauri anunue skrini mpya bila sababu.

Skrini haichorwi yote kwa mara moja. Huchorwa mstari kwa mstari toka juu hata chini, kama tusomavyo kitabu. Tuchukue skrini ya mistari 1,080 ichorwayo mara 60 kwa sekunde. Mtambo huhesabu mistari 1,125, maana 45 haionekani. Hiyo ndiyo pumziko baina ya picha moja na nyingine. Basi kwa sekunde hupita mistari 67,500, na kila mmoja huchukua mikrosekunde 14.8 hivi. Mikrosekunde 100 hazitoshi hata mistari saba!

Kiendeshi kitakapo kubadili picha, huandika namba nyingi katika mtambo, moja baada ya moja. Mtambo hauzitumii papo hapo, bali hungoja pumziko lianze ndipo huzishika. Hapo ndipo penye hatari. Pumziko likianza nusu ya namba zimeandikwa na nusu bado, mambo mapya yatachanganyika na ya zamani, na picha yaweza kuruka machoni. Kwa hiyo kiendeshi hutazama kwanza mstari unaochorwa. Zikiwa zimesalia mikrosekunde 100 au pungufu, hungoja pumziko lianze. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, huzuia prosesa isikatizwe na kazi nyingine, kisha huandika upesi.

Sasa tazama. Kazi iliyoanza mstari wa 300 ikachukua mikrosekunde 107 humalizika karibu na mstari wa 308, na pumziko bado li mbali, zaidi ya milisekunde 11. Kikomo kimepitwa, lakini picha haikudhurika hata kidogo. Kazi iliyoanza mstari wa 1,070 ikachukua mikrosekunde 200 huvuka mstari wa 1,080 kabla ya kwisha. Hiyo ndiyo iliyoshindwa.

Kiendeshi hutambua kushindwa kwa hesabu ya picha: ikiwa hesabu ya mwanzoni si sawa na ya mwishoni, huandika kosa. Lakini onyo la kupita kikomo tu hutolewa pale walioiunda Linux ya mashine hiyo walipowasha uchunguzi wa ziada, nao watunzaji wa programu hushauri asiye na hakika asiuwashe. Naona ushauri huo wafaa kwa watu wengi. Mtunga programu, yeye aliwashe onyo, kwa kuwa kazi iliyochelewa kwenye mstari wa 300 yaweza siku nyingine kuangukia ule wa 1,070. Wengine watafute kosa lenyewe. Ndani ya ujumbe wake zimo namba za mstari wa mwanzo na wa mwisho.