Chapati za Kuviringisha kwa Jodari

Mgeni akipiga hodi jioni hapa Madungu, chapati na jodari vyatosha kumkirimu. Tumchemshe samaki kwa chumvi na ndimu, tumtoe miba, tumchambue, tumchanganye na kitunguu na kotmiri, kisha tumviringishe ndani ya chapati na kukata vipande. Watoto huvigombania.

Hatari haianzii jikoni, huanzia njiani kutoka sokoni. Jodari na vibua wakikaa juani hufanya sumu isiyoondolewa na moto, wala ndimu, wala pilipili. Tena samaki huyo huweza asinuke hata kidogo! Mara nyingi haipiti saa moja, mlaji uso humwaka moto, mwili humuwasha, kichwa humuuma. Akipumua kwa shida, tumkimbize hospitali. Basi tununue asubuhi, tutumie barafu, na vipande visikae mezani zaidi ya saa mbili.

Nyama ya kasa tusiitie kabisa, hata tukiletewa zawadi. Sumu yake nayo haishindwi na kupikwa. Machi 2024, kisiwani Panza, papa hapa Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.