Cherehani Inarudi Nyuma

Swali: Naishi Chome, milimani Same. Bibi aliniachia cherehani ya miguu. Nikikanyaga, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Nianzeje?

Jibu: Toa uzi kwanza, miguu ndiyo ijifunze. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono likikuelekea wewe, kisha kanyaga kwa kufuata mwendo huo, vidole na visigino vikipokezana. Ukizoea, pitisha sindano tupu kwenye mistari ya karatasi ya daftari. Karatasi hufanya sindano kuwa butu, hivyo weka mpya na urudishe uzi unapohamia kanga kuukuu. Kila unapoanza mshono, vuta nyuzi zote mbili nyuma. Tia mafuta ya cherehani. Ya kupikia hugandisha mashine.