Dondoo muhimu: ukihojiwa na polisi Kenya

Uliza kwanza, bila ukali: "Afande, nimekamatwa au naweza kwenda?" Ukiwa umekamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa.

Jina lako litaje. Baada ya hapo waweza kunyamaza. "Nitaongea wakili wangu akiwepo" yatosha, usiongeze maelezo. Mimi humhofia zaidi afande mpole wa saa tano usiku, anayekusogezea karatasi akisema, "Weka sahihi tu uende nyumbani." Isome neno kwa neno. Penye kosa, parekebishwe ukiona. Na kukiri hulazimishwi: ungamo hutolewa mbele ya jaji, hakimu au ofisa asiye mpelelezi wa kesi yako, ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe.

Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) iandike hata kiganjani. Ndugu zako wataihitaji wakija kukuulizia.

Kortini ufikishwe ndani ya saa 24. Ukikamatwa Ijumaa jioni, basi hesabu hadi Jumatatu, maana korti hazikai wikendi. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu kituoni, dai risiti kabla hujafunga kamba za viatu.